Nusu kilo, watu saba: maswali yenu ya mchuzi mzito wa nyama

Haya wapendwa, safari hii maswali yamekuja mengi na karibu yote yanazunguka sufuria moja, ya nyama ya ng'ombe. Mtu wa mbali akisikia Mwanza anawaza sato na sangara, sawa, ziwa lipo, ila tunaokaa huku tunajua Kanda ya Ziwa ni ya ng'ombe vilevile na Jumapili mtaa mzima unanukia nyama ya kuunga. Mnacholalamikia wengi ni kwamba nyama ni kidogo, watu ni wengi na mchuzi hauna uzito. Nayajibu, mengine kwa urefu, mengine kwa kifupi.

*Shikamoo shangazi. Naishi Buhongwa, nyumbani tupo saba, mimi, mume wangu, watoto wanne na mama mkwe. Nyama nikiweza ni nusu kilo. Nikipika watoto wanagombania vipande, mchuzi unakuwa maji maji, ugali unalowa tu haushiki kitu. Juzi nikajibana nikanunua steki nikijua itakuwa laini, ndo ikawa ngumu kuliko zote afu ikasinyaa. Nataka mlo wa jioni mzito wa kushibisha bila kuongeza hela. Nifanyeje?* – Mama wa wanne, Buhongwa

Marahaba mwanangu, na mama mkwe umpe salamu zangu.

Tuanze na steki maana hapo ndo hela yako ilipopotelea. Steki ni nyama ya kukaanga chapchap au kuchoma, haina utando wala mafuta ya maana, sasa ukiichemsha saa nzima inakauka kwa ndani na kubaki nyuzi nyuzi, na mchuzi wenyewe haiupi kitu. Nyama ya mchuzi ni ile ya sehemu ambazo ng'ombe alizitumia sana akiwa hai, shingo, kifua, miguu, ile yenye utando mweupe na kano ambayo watu wakiiona bucha wanasema hii hapana nipe nyingine. Ule utando ukikaa kwenye moto mdogo muda mrefu unalainika na kuyeyuka, unageuka ute ambao wataalamu wanauita jelatini, na huo ndo unaofanya mchuzi uwe mzito wenyewe, ule mchuzi ukiula midomo inanata. Kwa hiyo bucha omba nusu kilo ya shingo au kifua, na kama wanauza mifupa peke yake kwa bei ya chini chukua mmoja au miwili wenye uboho akukatie hapohapo. Bei siwezi kukuandikia maana ya Igoma sio ya Kirumba na ya leo sio ya sikukuu, ila popote utakapoenda shingo na mfupa havitakugharimu kama steki.

Nyumbani kata vipande vidogo, ukubwa wa kiberiti, visizidi hapo. Nusu kilo inatoa vipande ishirini na kitu, yaani kila mtu anapata vitatu na ugomvi unaisha. Weka sufuriani na chumvi, kitunguu saumu na tangawizi ya kutwanga, maji usiweke au weka robo kikombe tu isishike chini, funika, moto wa wastani. Nyama itatoa maji yake. Yaache yachemke mpaka yakauke, na hapa nataka utege sikio kabisa, kwanza utasikia inabubujika, baadae sauti inabadilika inaanza kutatarika, ujue maji yameisha yamebaki mafuta yake na nyama imeanza kujikaanga. Usitoke hapo jikoni. Kama nyama haina mafuta ongeza kijiko kimoja au viwili vya alizeti, geuza geuza taratibu mpaka kila kipande kishike rangi ya kahawia na chini ya sufuria pashike ukoko. Ule ukoko ni mali mwanangu. Ladha yote imekaa pale, na wanaokimbilia kumwaga nyanya nyama ikiwa bado nyeupe ndo wanaopata mchuzi usio na ladha, wakaishia kuongeza viungo vya paketi kila siku bila kujua kwamba hela ya paketi ingenunua vitunguu.

Nyama ikishashika rangi itoe pembeni. Sufuria ileile, usiioshe, weka vitunguu maji viwili vikubwa ulivyokata vyembamba, punguza moto, vikaange bila haraka mpaka vilegee na kubadilika rangi. Vikianza kushika nyunyiza maji kidogo ukwangue ukoko kwa mwiko, utaona mafuta yanageuka rangi ya udongo, ndo tunachotaka. Hapo weka nyanya nne au tano za kuparaza (jioni sokoni zile zilizoiva sana wanazipunguza bei, kwa mchuzi ndo nzuri zaidi), karoti moja ya kuparaza ambayo watoto hata hawataiona ila inaongeza uzito na utamu, bizari kijiko kidogo, pilipili manga kidogo. Pika mpaka nyanya zikauke na mafuta yajitenge juu. Kama mafuta hayajajitenga bado hujamaliza, ongeza dakika tano.

Sasa rudisha nyama na mifupa, mimina maji ya moto kama lita moja na robo. Nimesema ya moto, maji baridi yanaishtua sufuria nzima na mkaa wako unatumika kuyapasha upya. Ikichemka punguza moto uwe mdogo kabisa, povu lipande moja moja, funika na ufanye kazi zako. Moto mkali hauharakishi nyama ngumu, unaikaza tu na kumaliza maji. Shingo kwa jiko la mkaa ipe saa moja na nusu mpaka mbili, presha kuka nusu saa hivi inatosha. Na nyie mnaonilalamikia kwamba Dar nyama iliiva mapema kuliko huku, kuna sababu: ziwa letu lenyewe liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukiwa juu maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, huku kwetu ni kama 96. Kwa hiyo mapishi ya mtu wa pwani ukiyafuata Mwanza yaongezee muda, hujakosea wewe.

Kuhusu uzito wa mchuzi, jelatini itafanya sehemu yake ila kwa watu saba unahitaji msaidizi. Viazi mviringo vitano, viweke nusu saa kabla ya kuepua, vikiiva toa viwili viponde uvirudishe, vitatu viache vipande. Au karanga, na mimi hapa sifichi, karanga ndo naipenda kuliko vyote kwa mchuzi wa nyama. Huku Usukumani karanga inaingia kwenye mboga tangu bibi zetu, mchicha, majani ya maboga, kisamvu, sasa kwa nini nyama iachwe? Karanga za kukaanga zilizosagwa laini, vijiko vitatu vya chakula, zikoroge kwanza pembeni kwa mchuzi wa moto kidogo mpaka ziwe uji, ndo umimine, koroga kila baada ya dakika moja mbili maana zinashika chini haraka, dakika kumi na tano zinatosha. Mchuzi unakuwa mzito, una mafuta mazuri, una protini ya ziada, na mtoto aliyekula vipande vitatu vya nyama na mchuzi wa karanga na ugali analala ameshiba. Wa unga wa ngano nao sawa, kijiko kimoja kikaange kikavu kwenye kikaango mpaka kiwe kahawia, kipoe, koroga na maji baridi ndo umimine, usimwage unga mkavu kwenye mchuzi unaochemka utapata mabonge. Ila unga unaongeza uzito tu, chakula hauongezi kama karanga au kiazi.

Na siku hata nusu kilo haipo, robo kilo na mfupa mmoja na bakuli la maharage yaliyokwisha kuiva, njia ni hiyohiyo. Usione aibu. Ladha ya nyama imo mule ndani na tumbo linajazwa na maharage.

*Shangazi habari za kazi. Mke wangu anaingia zamu za usiku kwa hiyo siku hizo mimi ndo napikia watoto. Nikienda bucha nikisema kilo mchanganyiko napewa mifupa na mafuta, nikifika nyumbani nyama yenyewe kidogo. Nisemeje bila kuonekana msumbufu? Na nyama nzuri naijuaje?* – Baba wawili, Nyakato

Nzuri kaka, na hongera kwa kushika mwiko. Shida ni kwamba mchanganyiko ni neno la mwenye bucha, linampa ruhusa ya kukata anapotaka. Wewe taja sehemu. Sema "nikatie shingo, mfupa uwe mmoja tu", simama karibu na gogo, angalia anavyokata na angalia mzani kabla hajafunga mfuko. Sio usumbufu huo, ni hela yako, na wauza nyama wenyewe wanamheshimu mteja anayejua anachotaka, ukienda bucha moja kila mara atakuwekea bila hata kuuliza.

Fika asubuhi. Nyama iwe nyekundu, kavu kidogo ukiigusa, ukiibonyeza na kidole irudi juu, harufu isiwe na uchachu. Ikiwa inateleza au ina rangi ya kijani kijani kwa pembeni usichukue hata akikupunguzia. Angalia pia muhuri wa mkaguzi kwenye paja au mgongoni pale iliponing'inizwa, ule ndo unakwambia kuna mtu ameikagua huyo ng'ombe alipochinjwa. Nyama ya kupitishwa mlangoni kwenye ndoo isiyo na muhuri, rahisi vipi sijui, achana nayo, una watoto.

Mafuta yale unayoyalalamikia usiyatupe yote. Kipande kidogo kiyeyushe kwanza sufuriani ndo kikaangie vitunguu, umeokoa mafuta ya kupikia.

*Mambo shangazi, shikamoo. Nasoma chuo, nimepanga Malimbe na wenzangu wawili, tuna mtungi mdogo wa gesi tu. Nyama tukipika gesi inaisha kabla haijalainika. Hakuna shortkati?* – Mwanachuo, Malimbe

Marahaba mdogo wangu. Ipo, na sio uchawi, inaitwa jikokapu. Ni kikapu kirefu au boksi lililojazwa kitu cha kuzuia joto lisitoke, nguo za zamani, sufi, blanketi, hata majani makavu ya migomba, katikati unaacha shimo la sufuria. Unapika nyama kama nilivyomwelekeza mama wa Buhongwa, ukishamimina maji ya moto acha ichemke ikiwa imefunikwa nusu saa kamili, tena iwe imejaa, sufuria nusu tupu inapoa haraka. Itoe ikiwa inatokota, ifunike vizuri, ifungie ndani ya kapu na mto au blanketi juu, usifungue. Nenda kipindi. Saa tatu nne baadae fungua, rudisha kwenye gesi ichemke tena kwa nguvu dakika kumi, weka viazi au karanga, mle. Hiyo kuchemsha mara ya pili sio hiari, na ukikuta sufuria imekuwa vuguvugu tu ujue kapu lako linavuja joto, ongeza nguo na siku nyingine usiiache muda mrefu hivyo.

Papai bichi nalo linasaidia. Kipande cha kiganja, paraza na ganda lake na ule utomvu mweupe, paka nyama dakika thelathini kabla ya kupika. Papai lina kimeng'enya kinachokata nyuzi za nyama, kinafanya kazi nyama ikiwa mbichi na inapoanza kupata moto, ikichemka kinakufa. Usilaze usiku kucha, asubuhi utakuta nje imekuwa unga unga na ndani bado ngumu.

*Shangazi naomba uniambie ukweli. Jirani yangu anauza chakula, kaniambia siri ya nyama kulainika haraka ni vidonge viwili vya Panadol kwenye sufuria, kwamba mkaa unaokoa nusu. Mbona yeye anafanya na watu wanakula hawadhuriki?* – Msomaji, Igogo

Mwanangu usifanye. Naomba nieleweke vizuri, usifanye hata mara moja na huyo jirani mwambie aache.

Panadol ni parasetamo, dawa ya maumivu na homa, inapimwa kwa uzito na umri wa mtu na kuna kiwango kwa siku ambacho hata mtu mzima haruhusiwi kukizidisha. Kuchemsha maji hakuiondoi dawa, inabaki kwenye mchuzi, na mchuzi unaliwa na mtoto wa miaka miwili, mjamzito, mzee mwenye ini bovu, mtu aliyetoka kumeza vidonge vyake vya homa nyumbani afu anaongezewa vingine kwenye sahani bila kujua. Parasetamo ikizidi inaharibu ini, na mbaya zaidi siku ya kwanza mtu anaweza asisikie chochote cha maana, ndo maana unaona "hawadhuriki". Anakuja kuumwa baadae kabisa na hakuna atakayeikumbuka ile sahani ya nyama.

Kuna wengine wanaweka magadi. Magadi kwa kunde na makande watu wamezoea, kwenye nyama yakizidi kidogo tu mchuzi unakuwa na ladha ya sabuni. Kama tatizo ni mkaa basi kata vipande vidogo, tumia papai, funika sufuria na jiwe juu ya mfuniko, tafuta jikokapu. Hivyo vyote havimuumizi mtu.

*Shangazi, mchuzi mzito wa nyama unaendana na nini zaidi? Kwetu wamechoka wali.* – Binti, Kitangiri

Wamechoka wali na huku majaruba ya Magu na Misungwi yako jirani! Basi wapikie ugali wa udaga, yaani wa mihogo iliyochachushwa, ule mweusi mweusi unaovutika, mchuzi wa shingo ukiutowezea nao utanishukuru, unga wa udaga ukiuona mkali sana kwa watoto changanya nusu kwa nusu na wa mahindi. Ndizi za Bukoba nazo, menya, zikate mbili mbili, zitumbukize ndani ya mchuzi uleule dakika arobaini za mwisho, ongeza maji kidogo, hapo unakuwa umepika sufuria moja tu na wanga na mboga vimo humo. Viazi vitamu vya kuchemsha pia, watoto wanapenda ule utamu na pilipili manga.

Ila weka na majani pembeni, mchicha au chainizi kidogo na limao. Nyama na wanga peke yake usiku ni mzigo kwa tumbo.

*Shikamoo shangazi, mchuzi wangu ukibaki usiku asubuhi unakuta umechacha na sina friji. Nikiuchemsha tena si unafaa?* – Mama Pasiansi

Marahaba. Ukishachacha haufai mama. Kuna vijidudu vikishazaliana vinaacha sumu ambayo haiondoki kwa kuchemsha, vijidudu vinakufa sumu inabaki, ndo mnasikia familia nzima inaharisha na chakula "kilichemshwa vizuri". Ukiona mapovu madogo, utelezi au harufu imegeuka, mwaga, hata kama vipande vimo.

Mchuzi mzito ndo unachacha haraka kuliko supu nyepesi kwa sababu katikati unakaa na joto masaa mengi, na wa karanga ndo wa kwanza. Mwenye friji asisubiri sufuria nzima ipoe mpaka usiku wa manane, agawe kwenye bakuli pana mbili tatu, likae kwenye beseni la maji baridi, ndani ya saa mbili tangu kuepua liwe limeingia frijini, na kesho ukiupasha uchemke mpaka katikati, sio kupata vuguvugu pembeni. Wewe usiye na friji pika cha kuisha. Kama unajua watakula watano tu leo, toa robo ya maji na viazi viwili, na nyama nunua ya siku hiyohiyo. Kikibaki kidogo saa tatu usiku, kuna mtoto atakayekimaliza, mpe.